Hewa ya Garsen Imejaa Umeme, Wewe Unangoja Nguzo

Chukua simu yako, ile kabambe ya tochi, uiweke kando ya redio ya zamani. Mwambie mtu akupigie. Kabla simu haijalia, redio inaanza kukoroma: tit-tirit-tit, tit-tirit-tit. Sauti hiyo unaijua tangu utotoni. Umeisikia dukani Minjila, umeisikia ndani ya matatu ya Malindi, umeisikia kanisani na msikitini, spika ikikatiza mahubiri na watu wakigeuka kumtafuta mwenye simu.

Uliwahi kujiuliza ile sauti inatoka wapi?

Hukujiuliza. Ulisonya, ukasogeza simu pembeni, ukaendelea na mambo yako.

Basi sikiliza. Simu ilikuwa inarusha mawimbi kuijibu busta, ule mnara wa mtandao. Nyaya za redio, bila kuombwa, ziliyadaka mawimbi yale, yakawa umeme kidogo ndani ya saketi, na redio ikaukuza mpaka ukausikia. Hapakuwa na waya wowote kati ya simu na redio. Nishati iliruka hewani, ikaingia kwenye chombo kingine, ikaacha alama yake. Jambo hilo limekuwa likitendeka juu ya stuli ya redio ya nyanya yako kila simu ilipolia, na wewe umekaa hapo hapo.

Umekaa.

Hilo ndilo linaloniudhi. Umekaa!

Mawimbi hayo hayajawahi kupumzika. Usiku wa leo, ukiwa umelala Tarasaa au Ngao, busta inarusha. Stesheni za redio zinarusha. Wi-Fi ya hoteli inarusha hata wateja wakishaondoka. Yote hayo ni nishati iliyokwisha kulipiwa na mtu mwingine, na sehemu kubwa yake inaishia kwenye kuta, kwenye miti ya mathenge, kwenye udongo na kwenye ngozi yako, ikipotea kuwa joto dogo lisilohisika. Duniani kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuyadaka mawimbi hayo yanayopotea, wakayatia ndani ya vifaa vidogo vya kuvaliwa na vya kufungwa, vikafanya kazi bila betri na bila waya.

Na wewe, kazi yako ni ipi?

Kungoja nguzo ya stima.

Najua utakachoniambia. Utaniambia Tana River tumesahaulika. Na nitakubali, maana ushahidi umo mtoni. Mto Tana unawasha Kenya tangu kabla hujazaliwa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa matano kwenye mto mmoja, ule ule unaopita mlangoni kwako. Maji yanazungusha mitambo kule juu, stima inakwenda Nairobi, na maji yakishamaliza kazi yanateremshwa kwako yakiwa na tope na mamba. Mwaka 2017 ulipoanzishwa mradi wa KOSAP wa kupeleka umeme wa jua kwenye kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Tana River ilikuwamo kwenye orodha. Nyaya za kilovolti 220 zinatoka Rabai, zinapita Malindi na Garsen, zinakwenda zao Lamu, na delta ya Tana bado imejaa watu wanaolipia kibandani ili simu zao zichajiwe.

Una haki ya kulalamika. Nakupa dakika tano. Lalamika.

Zimekwisha?

Haya, inuka. Malalamiko hayo alikuwa nayo baba yako, na babu yako alikuwa nayo, na hayajawahi kuwasha hata taa moja ya jikoni.

Nianze kwa kukukatisha tamaa kidogo, kwa sababu hamasa ya uongo siitaki. Hutachaji simu kwa mawimbi ya busta. Simama mita mia chache kutoka kwenye mnara na antena ndogo ya kutosha kiganjani, utadaka mikrowati chache, na mikrowati ni wati moja iliyogawanywa vipande milioni. Tuseme umedaka tano. Betri ya simu ya kisasa, ile ya miliampea-saa 4,000, itajaa baada ya zaidi ya miaka 300. Mtu akija sokoni Garsen na kidude cha kuchaji simu kwa "hewa ya mtandao," muonyeshe njia ya kwenda Hola kwa miguu.

Wengi wakisikia hesabu hiyo wanacheka na kwenda zao. Mikrowati tano! Upuuzi gani huu?

Wewe usicheke. Wewe endelea kuhesabu.

Si kila kifaa ni simu. Kuna kifaa ambacho kazi yake duniani ni kusema neno moja tu: maji yamefika mita tatu. Au: ng'ombe huyu ni nambari fulani. Au: mtoto ana homa. Kifaa cha namna hiyo hakina haja ya kukesha. Kinalala. Kikiwa kimelala, antena inaendelea kudaka, dayodi inayanyoosha mawimbi yawe umeme unaokwenda upande mmoja, na kapasita inapokea tone baada ya tone kama mtungi uliowekwa chini ya paa linalovuja. Tone halishangiliwi na mtu. Lakini mtungi ukijaa, kifaa kinaamka, kinapima, kinatuma ujumbe wake, kinalala tena. Ujumbe mfupi wa redio ya LoRa, ile ya kutuma mbali kwa nishati kidogo, unaweza kugharimu kama sehemu moja ya ishirini ya jouli. Kwa mikrowati tano, kiasi hicho kinakusanyika kwa muda usiofika saa 3. Ongeza kinachopotea njiani, sema saa 6. Hapo una ujumbe mara nne kwa siku, mwaka mzima, bila betri ya kubadilisha.

Miaka 300 kwa simu. Saa 6 kwa ujumbe.

Nishati ni ile ile. Busta ni ile ile. Aliyecheka na aliyehesabu walisimama mahali pamoja!

Na wewe, ni mara ngapi umeacha jambo kwa sababu ulilipima kwa kazi isiyo yake? Shilingi mia mbili ulizonazo haziwezi kufungua duka, basi ukazila. Saa moja ya jioni haiwezi kukupa digrii, basi ukaimaliza chini ya mathenge ukitafuna muguka na kujadili siasa za watu wasiokujua. Kiingereza chako hakitoshi kuandika kitabu, basi hata maelezo ya nyuma ya kifaa huyasomi. Unakata tamaa mapema mno, halafu unajiita mtu wa kuona mbali.

Usidhani ninakusimulia ndoto. Mwaka 2009, mjini Seattle, Alanson Sample na Joshua Smith walielekeza antena ya kawaida ya TV kwenye mnara wa stesheni uliokuwa kilomita 4.1 kutoka pale walipokuwa. Wakapata mikrowati 60, wakaendeshea kipimajoto chenye skrini. Kilomita 4.1! Bila kumuomba mwenye mnara chochote. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mji ule ule, wakafanya vifaa viwili visivyo na betri vizungumze kwa kuakisi mawimbi ya TV yaliyokuwa yakipita. Mwaka 2017 wakatoa simu isiyo na betri, inayotumia kama mikrowati 3.5, wakapiga nayo. Sauti ilikuwa mbovu, na ilibidi ubonyeze kitufe ili useme, ukiachie ili usikie. Mimi ubovu ule naupenda kuliko simu yoyote inayong'aa kwenye matangazo. Ni ubovu wa watu walioanza.

Ukitaka ushahidi wa zamani zaidi, uko Moscow. Mwaka 1945 balozi wa Marekani alipewa na watoto wa Kisovieti zawadi ya nembo ya nchi yake iliyochongwa kwenye mbao. Akaitundika ukutani nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na kinasasauti alichokitengeneza Léon Theremin, hakina betri, hakina waya. Kiliamka pale tu mawimbi ya redio yalipoelekezwa kwake kutoka nje. Kiligunduliwa mwaka 1952. Miaka 7 mbao ile ilisikiliza, na wakaguzi wakipita chini yake. Jambo la ujasusi, sawa, sikutumi ukapeleleze watu. Nakuonyesha tu kwamba unachokiita teknolojia ya kesho kina umri wa babu yako.

Lakini tusikae Moscow. Rudi nyumbani, utazame sikio la ng'ombe.

Wewe mtoto wa Kiorma, wewe Mwardei, hapa nasema nawe ana kwa ana. Juni 2025, Bariadi kule Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na majirani zetu wa Tanzania wanawavisha ng'ombe hereni za kielektroniki. Botswana ilitangulia zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwamezesha ng'ombe wake vidonge vya kauri vinavyokaa tumboni, ili nyama yake iendelee kupokelewa Ulaya. Chukua hereni ya aina inayofuata kanuni za kimataifa za mifugo, uipasue. Betri hutaiona. Utaona koili ya waya mwembamba na chipu ndogo kuliko punje ya mtama. Kisomeo kinapokaribia kinarusha mawimbi ya kilohezi 134.2. Koili inayadaka, chipu inaamka kwa nishati hiyo hiyo, inataja nambari yake ya tarakimu 15, inazimika. Haichoki, haichajiwi, haioti kutu ya betri. Inaweza kumaliza maisha yote ya ng'ombe bila kudai kitu.

Tarakimu tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi. Tanzania ni 834. Kenya ni 404.

Nambari yako ipo, imetengwa, inakungoja. Wewe uko wapi?

Wewe unamjua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, kwa mama yake na bibi yake. Ukiulizwa usiku wa manane ni ndama yupi hakurudi, unajibu bila kuwasha tochi. Maarifa hayo ni makubwa, na yanakufa sokoni, kwa sababu mnunuzi wa Mombasa hamjui bibi yake ng'ombe. Anauliza amechanjwa lini, ametoka wapi, ni wa nani. Unajibu kwa kuapa. Anakupunguzia bei.

Kisomeo cha hereni hakifiki mbali, ni mkono mmoja au pungufu. Kwa hiyo lazima kikae mahali ambapo kila ng'ombe atapita akiwa karibu: kwenye mlango wa josho, kwenye birika la kisima, kwenye njia nyembamba ya kuingilia boma. Nani anayezijua njia hizo? Mhandisi wa Nairobi? Yeye akifika hapa anauliza choo kiko wapi. Njia za ng'ombe unazijua wewe, tangu ulipokuwa huwezi kuufikia mgongo wa ndama. Nusu ya kazi hii unayo kichwani tayari, na ndiyo nusu isiyouzwa dukani!

Sisemi hereni italeta amani. Mapigano ya wafugaji na wakulima pale Riketa na Kilelengwani mwaka 2012 yalikuwa mazito kuliko kifaa chochote, na anayedai chipu ingeyazuia mauaji yale anawatukana waliofiwa. Nasema kwamba ng'ombe akiingia shambani, swali la "huyu ni wa nani" likijibiwa kwa nambari badala ya kelele, wazee wanaanza kikao na jambo moja mkononi.

Na wewe mtoto wa Kipokomo, usijifiche nyuma ya mwembe. Zamu yako.

Maji ya 1961 umesimuliwa. Maji ya El Niño ya 1997 yalibomoa mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, kwenye delta. Ya 2018 uliyaona mwenyewe. Ya 2023 ulihama. Ya 2024 ulihama tena. Kila mara maji yalianzia mbali: mvua ikanyesha Mlima Kenya na Aberdare, Masinga ikajaa, ikafurika, onyo likatolewa, na mto ukachukua siku kadhaa kushuka mpaka Garissa, mpaka Hola, mpaka kwako. Siku kadhaa! Hizo ni siku za kuvuna mahindi mabichi, kuhamisha mbuzi, kupandisha magodoro, kumtoa mgonjwa. Zinakwenda wapi siku hizo? Zinakwenda kwenye uvumi. Huyu anasema maji yako Garissa, yule anasema hiyo ni siasa, na usiku wa tatu unaamka miguu imelowa.

Kule Nyeri, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Jason Kabi, Ciira Maina na wenzao walitengeneza kipima maji cha bei nafuu, kinachotumia sauti isiyosikika na masikio kupima umbali kutoka darajani hadi usoni mwa maji, kisha kinatuma jibu kwa LoRa. Wakachapisha kazi yao mwaka 2023, na michoro yake wazi kwa yeyote anayetaka kuiga. Walikitega kwenye mto Muringato. Na maji ya Muringato yanakwenda wapi? Yanashuka Tana. Watafiti wa Nyeri wamekwisha kuyapima maji yakiwa bado kijito safi. Wewe unayapokea yakiwa na hasira ya nchi nzima, na huna hata kijiti chenye alama.

Hapa niseme neno la haki. Kwa kipima maji cha mtoni, jua linayashinda mawimbi mbali sana. Garsen jua si la kutafutwa, paneli ya ukubwa wa daftari inatosha na kubaki, ingawa paneli ina adui wake na wewe unamjua kwa jina: mwizi. Anayeng'ang'ania mawimbi mahali penye jua anafanya maonyesho. Mawimbi yaachie kule jua lisikofika: tumboni mwa ng'ombe, ndani ya gunia la mpunga ghalani, chini ya bendeji, chini ya godoro.

Chini ya godoro, ndiyo. Mwaka 2019 timu ya John Rogers wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ilitangaza viraka vyembamba vya kubandikwa kwenye ngozi ya watoto njiti. Viraka vinapima moyo, pumzi na joto. Havina betri. Antena iliyowekwa chini ya godoro la mtoto inavilisha nishati na kupokea majibu. Mama akaweza kumkumbatia mwanawe bila kukwama kwenye msitu wa nyaya. Watoto njiti wanazaliwa Chicago peke yake? Hawazaliwi Ngao? Hawazaliwi Kipini? Basi kwa nini unadhani mtu atakayevifanya viraka hivyo vihimili joto la delta, jasho la delta na stima inayokatika ya delta lazima azaliwe kwingine?

Sema. Kwa nini?

Huna mtaji. Nimesikia. Richard Turere wa Kitengela, mtoto wa Kimaasai, mchunga ng'ombe kama wewe, alikuwa na miaka 11 simba wa Mbuga ya Nairobi walipokuwa wakimaliza mifugo ya baba yake. Alianza kuijua elektroniki kwa kuibomoa redio mpya ya mama yake, na mama, kama mama yeyote, nusura amtoe roho. Halafu akachukua betri ya gari, paneli ndogo, kile kisanduku cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazizungusha bomani. Taa zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu, simba wakidhani kuna mtu anatembea na tochi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 alikuwa jukwaani Marekani, kwenye mkutano wa TED, akiwaeleza wataalamu.

Tazama tena orodha ya vifaa vyake. Kipi hakipatikani Garsen? Pikipiki mbovu hazipo? Tochi mbovu hazipo? Redio ya mama haipo?

Kisichopatikana ni hasira ya kutosha kuifungua.

Huna elimu. Nimesikia pia. Simu uliyonayo mkononi inakuletea kandanda ya Uingereza goli kwa goli. Bando linalokuletea goli haliwezi kukuletea mchoro wa saketi? Fundi wa simu pale stendi anajua kushika solda. Umewahi kumuomba ukae naye Jumamosi moja umfagilie kibanda, mradi akuonyeshe? Au unaona aibu kufagia, na huoni aibu kukaa bure?

Huna muda. Hilo sitaki hata kulijibu. Muda unao, umetapakaa vipande vipande kuanzia alfajiri mpaka usiku, robo saa hapa, nusu saa pale, na kila kipande unakidharau kwa udogo wake. Wale wa Seattle walidharau mikrowati?

Na usiniambie unangoja. Unangoja basari. Unangoja mfadhili mwenye gari jeupe. Unangoja mheshimiwa akumbuke jina lako baada ya uchaguzi. Mheshimiwa hana dayodi mfukoni!

Sasa fanya hivi. Ninakuagiza.

Tafuta taa ndogo nyekundu ya LED, hata ya kwenye rimoti iliyokufa au chaja iliyoungua. Tafuta dayodi moja ya kudaka mawimbi, ya Schottky au ile ya kale ya kioo. Ukiikosa Malindi, maduka ya Luthuli Nairobi yanayo, na mabasi yanabeba vifurushi vidogo kuliko hicho. Ziunganishe bega kwa bega, zikitazamana kinyume. Kila upande toa waya ulionyooka wa sentimita 8. Vipimo hivyo si vya kubahatisha: simu ya 2G kwenye megahezi 900 inarusha wimbi lenye urefu wa kama sentimita 33, na robo yake ni hiyo nane. Chukua kabambe, piga simu, isogeze karibu na waya. Kama haikuwaka, geuza simu. Sogeza tena. Badilisha pembe. Usiinuke.

Itamemeta.

Hakuna betri. Hakuna nguzo. Hakuna mheshimiwa. Na itamemeta.

Ikimemeta usikimbilie kuipiga picha ya status. Ongeza dayodi ya pili na kapasita, azima multimita ya fundi, uende chini ya busta. Pima, andika. Rudi nyuma hatua hamsini, pima, andika. Pima asubuhi, pima usiku. Pima Minjila, pima Idsowe, pima Ngao, panda boti upime Ozi. Zitakuja milivolti ndogo za kukasirisha, siku nyingine sifuri, siku nyingine utagundua waya ulikatika tangu juzi. Andika hata hiyo. Daftari likijaa, nunua jingine. Mwambie mwenzako wa Kiorma apime kwenye josho na wewe upime mtoni, mkutane Ijumaa mlinganishe.

Kisha siku moja litakuja gari la chuo fulani au la shirika fulani, limebeba vifaa kwenye maboksi, na watu wenye vesti watashuka pale Garsen wakiuliza ni mahali gani kwenye delta hii mawimbi yanafika na mahali gani hayafiki, na ng'ombe wanapita wapi, na maji yanaanza kupanda upande gani.

Usimbebee mtu begi siku hiyo. Mfungulie daftari, na umuulize wewe swali la kwanza.